Kwaya, kiingilio na Kwaresima: uchambuzi wa kisa cha uzinduzi wa albamu Ilemela

Kwaya ya parokia moja ya Kikatoliki wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, yenye waimbaji 42, ilikuwa imemaliza kurekodi albamu ya nyimbo 10, sita kati yake zikiwa na video. Kamati ikapanga uzinduzi: ndani ya kanisa, Jumapili ya 3 ya Kwaresima, saa 8 mchana, kiingilio shilingi 5,000 kwa wakubwa na 2,000 kwa watoto. Kadi zikapita kwenye jumuiya ndogondogo, mgeni rasmi akakubali, mwenye vyombo vya muziki akalipwa nusu. Zikiwa zimebaki siku 12, paroko akasimamisha kila kitu. Uzinduzi ukahamishiwa Jumapili ya 3 ya Pasaka, bila kiingilio, humo humo kanisani. Huo nao ukaharibika, safari hii kwa mwangwi, umeme na mvua. Wa tatu, uliofanyika Julai kwenye uwanja wa parokia, ndio uliokwenda vizuri.

Kisa hiki kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kwaya za kanda ya ziwa. Parokia haitajwi, na hesabu za fedha na vipimo vya jengo ni vya mfano. Kanuni za Kanisa, sheria na hesabu za sauti na umeme ni za kweli.

Wimbo wa saba

Ukiwauliza wanakwaya kwa nini uzinduzi wa kwanza ulisimamishwa, wengi watakujibu kwamba ni mdundo. Wimbo wa saba kwenye albamu ulikuwa na maneno ya Zaburi, lakini kiitikio chake kilifuata, nota kwa nota, kiitikio cha wimbo wa mapenzi wa bongo fleva uliokuwa ukipigwa kwenye daladala za Kisesa na Buhongwa mwaka mzima. Jioni moja ya mazoezi, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyekuwa anafagia nyuma ya kanisa aliegemeza ufagio ukutani.

"Mwalimu, huo si ule wa kwenye gari?"

"Shikamoo mama. Hapana, hii ni Zaburi."

"Marahaba. Zaburi naisikia. Mimi nauliza hicho kinanda."

Swali hilo lilifika ofisi ya parokia kabla ya Jumapili, na likageuka kuwa ubishi wa wazee na vijana: wazee wakitaka ngoma na kayamba "za kanisa", vijana wakitetea gitaa la besi na dramu za kwenye kibodi. Ubishi huo haukufika popote, kwa sababu mdundo ni kipimo kibovu. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu iliyokataza piano kanisani, na pamoja nayo ala za kelele, ngoma na matoazi zikitajwa kwa majina. Ngoma hiyo wanayoitetea wazee wa leo ingefukuzwa wakati huo. Ilipata mlango tarehe 4 Desemba 1963, konstitusio ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ilipoagiza muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi yake, na ikaruhusu ala nyingine mradi zinafaa, au zinaweza kufanywa zifae, kwa matumizi matakatifu. Maagizo ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia yakaongeza kipimo ambacho kwaya nyingi hazikijui: ala ambazo kwa maoni ya watu na kwa matumizi ya kawaida zinafaa muziki wa kidunia tu, ziwekwe kando kwenye ibada.

Kwa maoni ya watu. Kipimo ni sikio la anayesali, na sikio hilo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na kizazi hadi kizazi. Kanuni hiyo inazungumzia ala, lakini mama wa ufagio aliitumia kwenye melodi bila kuisoma, na alipatia. Kasoro ya wimbo wa saba haikuwa dramu. Msikilizaji alipoisikia melodi, maneno ya mapenzi yalimjia kichwani kabla ya maneno ya Zaburi. Hilo linapimika kwa dakika tano: mpiga kinanda apige kiitikio bila maneno mbele ya watu watano wasio wanakwaya, wa rika tofauti. Watatu wakiutaja wimbo mwingine, melodi hiyo si ya kwaya, hata ikipigwa kwa kinubi.

Nyimbo nyingine tisa hazikuwa na shida hiyo, na mbili zilikuwa na mwendo wa haraka kuliko wa saba. Hata hivyo uzinduzi mzima ulisimama. Sababu zilizouangusha zilikuwa tatu: mahali, tarehe na mlango wenye meza ya tiketi.

Usukuma ina mfano wake wa jambo hili, na kwaya haikuhitaji kwenda mbali kuutafuta. Bujora, jirani na Kisesa kwenye barabara ya Musoma, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliunganisha sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo na mashindano ya ngoma za Kisukuma. Sikukuu ikaitwa Bulabo, yaani maua. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, hushindana kwa kuvuta watu: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, huyu huku na yule kule, na anayeshinda ni yule ambaye umati umehamia kwake. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wa nungunungu, wapo wa ngoma ya bugobogobo na majembe yao yakirushwa juu. Ni burudani kali, yenye kejeli na ushindani usio na aibu, na imekaa na Ekaristi kwa miongo mingi. Imewezekana kwa sababu Misa na maandamano vina saa yake, na uwanja wa ngoma una saa yake. Hakuna aliyewahi kumweka chatu altareni ili Misa ichangamke. Kwaya ya Ilemela ilikuwa inafanya kitu cha namna hiyo bila kujijua.

Alichokataa paroko

Mwenyekiti wa kwaya alikwenda ofisini na kadi mkononi. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina", paroko alimwuliza jambo moja: barua ya maombi iko wapi? Haikuwepo. Maombi yalikuwa yametumwa kwa ujumbe wa simu, na katekista akajibu kwa alama ya dole gumba.

Matamasha ndani ya makanisa yana mwongozo wake: barua ya Idara ya Ibada Takatifu ya Vatikano, ya tarehe 5 Novemba 1987. Ni fupi, na kila kamati ya kwaya ingefaa kuwa na nakala. Msingi wake ni kanuni ya 1210 ya Sheria ya Kanisa ya 1983: mahali patakatifu paruhusiwe tu yale yanayohudumia ibada, uchaji na dini, na askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine yasiyopingana na utakatifu wa mahali, kwa kila tukio peke yake. Kutoka hapo yanafuata masharti ya vitendo. Maombi yaandikwe mapema, yakiwa na tarehe, saa na orodha ya kazi zitakazoimbwa pamoja na majina ya watunzi. Kuingia kuwe bure na wazi kwa wote. Waimbaji na watazamaji wavae kwa heshima. Waimbaji wasikae eneo la altare. Altare, kiti cha padri na mimbari viheshimiwe. Sakramenti Takatifu, yaani Ekaristi inayohifadhiwa kwenye tabernakulo, inapowezekana, ihamishiwe kikanisa cha pembeni au mahali pengine salama na pa heshima. Nyimbo zitambulishwe kwa namna itakayomsaidia msikilizaji kuziingia kiimani. Na waandaaji watie saini kwamba watabeba gharama, watarudisha kila kitu mahali pake, na watalipa kitakachoharibika.

Mpango wa kwaya ulipishana na masharti hayo karibu yote. Meza ya tiketi ilipangwa mlango mkuu. Jukwaa la mbao la mita 8 kwa 4 lingepanda juu ya ngazi za altare, na altare yenyewe ingefunikwa kitambaa iwe mandhari. Mshereheshaji alikuwa mchekeshaji wa harusi, mtu hodari sana kwenye kazi yake. Tabernakulo haikuwa imetajwa na mtu yeyote.

Kuhusu tarehe, kamati ilijitetea kwa werevu: basi tusogeze hadi Jumapili ya 4 ya Kwaresima, maana hiyo inaruhusu vyombo. Ni kweli nusu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanasema kwamba wakati wa Kwaresima kinanda na ala nyingine vitumike kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya 4, na kwenye sherehe na sikukuu. Ruhusa hiyo ni ya ala ndani ya liturujia. Haigeuzi Jumapili ya 4 kuwa siku ya tamasha. Upande wa pili, kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu uzinduzi nje ya Misa. Mtu mbishi angeweza kudai kwamba hakuna kifungu kilichovunjwa. Paroko hakubishana kwa vifungu. Alisema kwamba kwaya inayonyamazisha kinanda saa 3 asubuhi kwa ajili ya mfungo haiwezi kuwasha mashine ya moshi saa 8 mchana mahali pale pale. Kwa maoni yetu hapo alikuwa sahihi, na alichelewa: ratiba ya mwaka wa liturujia inajulikana mapema, na yeye ndiye mlezi wa kwaya.

Hasara ya kusimamisha siku 12 kabla: malipo ya awali ya vyombo hayakurudi, na kadi 600 zilichapishwa upya. Barua iliyoandikwa wiki 8 kabla ingegharimu karatasi moja.

Aprili: kanisa lilivyomeza maneno

Uzinduzi wa pili ulikuwa halali kwa kila kipimo. Hakukuwa na kiingilio, kwaya ilisimama chini ya ngazi za altare, Sakramenti ilihamishwa, na katekista ndiye aliyetambulisha nyimbo. Ila baada ya nyimbo tatu watu walianza kutoka mmoja mmoja, kwa sababu hawakuelewa neno lolote.

Kanisa lile lina urefu wa mita 34 na upana wa mita 14. Paa ni mabati yasiyo na dari, sakafu ni saruji, kuta ni plasta na vioo. Likiwa tupu, ukipiga kofi moja sauti inabaki hewani kama sekunde 3. Fundi mitambo aliweka spika mbili mbele na mbili katikati, mita 17 nyuma ya zile za mbele, zote zikitoa sauti kwa wakati mmoja. Alidhani anawasaidia wa nyuma. Sauti hewani, kwa joto la mchana wa Mwanza, inasafiri takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka spika za mbele hadi katikati inachukua milisekunde 49. Aliyekaa karibu na spika za katikati alisikia "Bwana" kutoka kando yake, kisha "Bwana" ileile kutoka mbele, karibu moja ya ishirini ya sekunde baadaye. Pengo la kiasi hicho sikio huanza kulihesabu kama sauti mbili. Kwenye wimbo wa taratibu linavumilika. Kwenye wimbo wa haraka silabi zinapandana.

Dawa ni kuchelewesha spika za katikati kwa milisekunde 49 na kuongeza kama 10 juu yake, ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka walipo waimbaji. Mikisa nyingi za kidijitali, yaani mashine za kuchanganyia sauti, zina kitufe hicho. Mikisa ya fundi huyu ilikuwa ya kawaida, haina. Katika hali hiyo afadhali kuzima spika za katikati kabisa, kupandisha za mbele hadi mita 2.5 na kuziinamisha kidogo kuelekea viti vya nyuma. Wa nyuma watasikia sauti ndogo, lakini maneno watayapata.

Kosa la pili lilikuwa maiki. Waimbaji walipewa maiki 12 za mkononi, zote wazi muda wote. Kila unapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla spika hazijaanza kulia; kutoka 4 hadi 12 ni karibu desibeli 5. Fundi alikuwa anashusha sauti kuzuia mlio, halafu mwenyekiti anamwonyesha ishara apandishe, na mambo yakaendelea hivyo saa nzima. Hesabu ya kwaya ile ni rahisi. Waimbaji 42 katika mistari mitatu ni 14 kwa mstari. Kila mmoja akichukua sentimita 45, upana ni mita 6.3. Maiki za kondensa zikiwekwa sentimita 70 mbele ya mstari wa kwanza na juu ya vichwa vyao kidogo, nafasi kati ya maiki na maiki inatakiwa iwe mara tatu ya umbali huo, yaani mita 2.1, la sivyo sauti moja inaingia maiki mbili na kujifuta yenyewe. Mita 6.3 gawa kwa 2.1 ni maiki tatu. Ongeza moja ya mwimbaji wa shairi. Jumla nne. Maiki za kondensa zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa. Kitufe kisipobonyezwa fundi ataapa kwamba ni mbovu.

Besi nayo ilichangia. Sabufa nne ndani ya jengo la mabati ni kujitafutia ngurumo. Mbili zilitosha, na kila maiki ya sauti ilipaswa kukatwa besi chini ya hezi 100. Vipimo vilifanyika Jumamosi kanisa likiwa tupu, na hilo hudanganya: watu 500 wakikaa, miili na nguo zao zinanyonya sauti nyembamba, mwangwi unapungua, na herufi kama s na t zinafifia. Fundi anatakiwa kurekebisha tena wakati wa wimbo wa kwanza. Huyu alikuwa nje anatafuta mafuta ya jenereta.

Maana umeme ulikuwa umekatika. Jenereta ya akiba ilikuwa ya kVA 5, ambayo kwa matumizi ni kilowati 4. Taa nne za halojeni za wati 400 ni 1,600, vyombo vya sauti 2,500, projekta 300, friji ya soda 200, bila kuhesabu mshtuko wa friji inapowaka. Jumla 4,600. Jenereta ikapumua mara mbili, ikazima. Taa za LED za wati 50 zingeshusha taa zote hadi wati 200 na jumla hadi 3,200, na friji ingeweza kwenda nyumba ya mapadri. Waya wa kutoka kwenye jenereta nao ulikuwa ekstensheni ya nyumbani ya milimita za mraba 0.75, urefu wa mita 30, nusu yake ikiwa bado imezungushwa kwenye kigurudumu chake. Waya huo umetengenezwa kwa ampea 6. Wati 3,000 zinavuta ampea 13, zinapoteza karibu volti 19 njiani, na waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Tumia wa 2.5, ukunjue wote. Upotevu unashuka hadi volti 6.

Playback, yaani muziki uliorekodiwa wa kuimbia juu yake, ndiyo iliyotoa kicheko. Ilikuwa kwenye simu ya katibu, waya umechomekwa tundu la spika za masikioni. Katikati ya wimbo wa nne simu ikaita, kwenye spika zote, kwa mlio wa taarabu. Simu ikitumika iwe kwenye hali ya ndege. Bora zaidi ni kompyuta yenye nakala ya pili kwenye flashi. Lakini kosa zito zaidi halikuchekesha mtu. Rekodi ilikuwa kwenye ufunguo wa Doh=G, na wiki zote za mwisho mpiga kinanda alikuwa ameshusha mazoezi hadi Doh=F ili soprano wasichoke. Siku ya tukio soprano walikutana na toni nzima ya ziada juu ya mazoea yao, na sauti ya kwanza ikapasuka kwenye kiitikio cha pili. Wiki mbili za mwisho mazoezi yote yafanyike na playback yenyewe, kwa ufunguo wake na kwa kasi yake.

Saa 10 ikanyesha. Masika juu ya mabati hakuna mikisa itakayoyashinda. Katekista alisubiri dakika kadhaa, kisha akaanzisha rozari, na watu waliobaki wakaisali yote.

Nani mwenye wimbo

Kati ya Aprili na Julai kamati ilikaa na orodha ya nyimbo, na hapo ndipo ilipogundua kwamba nyimbo nne tu kati ya 10 zilitungwa na mwalimu wao. Tatu zilitokana na nota za watunzi wengine zilizopakuliwa mtandaoni, mbili ni melodi za jadi za Kisukuma zilizovishwa maneno ya Injili, na moja ni ile ya saba.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nota kuwekwa mtandaoni kwa ajili ya kuimbwa Misani si ruhusa ya kuzirekodi na kuziuza. Watunzi wale watatu walipigiwa simu. Watunzi wa kwaya wanafahamiana, haichukui wiki. Wawili waliomba majina yao yaandikwe vizuri tu, mmoja aliomba malipo kidogo, na yote yakaandikwa kwenye karatasi yenye saini. Melodi za jadi hazina mtunzi wa kumpigia, lakini sheria hiyo hiyo inazo sehemu zake za sanaa za jadi, na matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji kibali. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri ndipo pa kuanzia.

Wimbo wa saba haukuwa na njia. Kubadili maneno hakumfanyi mtu kuwa mwenye melodi, na kuigeuza kazi ya mwenzio bila idhini ni kosa hata maneno mapya yakiwa matakatifu. Mwalimu aliandika kiitikio kipya kwa jioni mbili, kwenye mdundo ule ule wa haraka. Kwa siku moja ya studio ukawa tayari, na mama wa ufagio hakuuliza kitu. Video yake ilibidi irudiwe pia, juu ya mawe ya ufukweni. Safari hii walipiga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Ya kwanza ilikuwa imepigwa saa 6 mchana, jua likiwa utosini, macho ya waimbaji yote ni vivuli na kanzu nyeupe zimeungua kwenye picha. Mawe yaliyo usawa wa maji yana utelezi wa kijani, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusimama chini ya alama ya maji.

Julai

Msimu wa kiangazi uliondoa mvua, na pamba ilikuwa imeanza kuuzwa, jambo ambalo mweka hazina alilitaja kabla ya padri. Misa ikawa saa 3 asubuhi kama kawaida. Tamasha likaanza saa 9 alasiri uwanjani, mita 60 kutoka mlango wa kanisa, na mchekeshaji wa harusi akarudi kazini bila kipingamizi cha mtu.

Uwanja ule una fumbo lake. Alasiri upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo jukwaa likilipa ziwa mgongo upepo unabeba sauti hadi kwa watu. Lakini ziwa liko magharibi, na watu wataangalia jua usoni hadi linapozama. Walichofanya ni kusimamisha turubai la urefu wa mita 4 nyuma ya jukwaa, limefungwa kwa kamba sita na kuachiwa matundu ya kupitisha upepo. Turubai zima bila matundu ni tanga, na tanga likiwa na mawe mawili tu miguuni litaondoka na jukwaa. Maiki zilivalishwa sponji. Nje hakuna mabati ya kurudisha sauti, kwa hiyo fundi alitumia maiki nane za mkononi, mbili kwa kila sauti, na hazikulia.

Uwanja si kanisa, na masharti ya 1987 hayaufuati huko. Hata hivyo kamati haikurudisha kiingilio cha kila mtu. Kusimama kulikuwa bure. Viti 200 chini ya hema viliuzwa shilingi 5,000. Flashi yenye nyimbo na video iliuzwa 15,000, ikiwa imeigharimu kwaya 8,500. Fedha taslimu ya siku ile ilifika shilingi 2,900,000 dhidi ya gharama za 2,350,000. Ahadi za mgeni rasmi na wadau zilisomwa kwa vigelegele: milioni 4. Baada ya siku 60 zilikuwa zimelipwa 1,450,000. Bajeti ya Aprili ilikuwa imejengwa juu ya ahadi za namna hiyo. Ya Julai haikuzigusa, na kila aliyeahidi aliandikwa jina, simu na tarehe, akapigiwa ndani ya siku saba, kabla furaha haijapoa.

Lilibaki jambo la chaneli ya YouTube. Ilikuwa imefunguliwa na studio, kwa barua pepe ya studio, na video sita zilikuwa humo. Mwenye studio hakuwa na hila. Hakuna aliyemwambia afanye vingine. Kwaya ikafungua barua pepe yake yenyewe, ikahamishiwa umiliki, na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wakaandika nywila kwenye karatasi moja. Karatasi iko ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, kwenye kabati la ofisi ya parokia, rafu moja na vitabu vya ubatizo.